Mng'ao wa Sufuria

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema. Naandika mapema kabla furaha haijapoa. Binti yangu anagombea meza.

Si meza ya kulia chakula. Ni ile meza ya mbele katika duka la sarafu za kale, yenye taa moja na lenzi, ambapo watu huleta sarafu za fedha za babu zao ili waambiwe ukweli wake. Tajiri wa duka macho yanamwisha. Ukungu umeshika jicho la kulia, na la kushoto linafuata. Ametangaza kwamba Jumamosi atachagua mtu wa kukaa pale badala yake. Wagombea ni wawili: binti yangu, ambaye Tajiri mwenyewe humwita Jicho, na kijana mmoja aitwaye Miwani, mtoto wa jirani yangu Mama Vikuku.

Jicho dhidi ya Miwani. Hapo hata kipofu anajua nani mshindi.

Nilikwenda uani kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Niliwaeleza wanawake wote waliokuwepo, kisha wakaja wengine nikaanza upya. Shajara hii binti alininunulia ili maneno mengine niyalete humu badala ya kuyapeleka uani. Nimeyapeleka kote kuwili.

Sharti la Tajiri ni hili: kila mmoja alete sarafu kumi za kwao, aziweke chini ya taa, atamke daraja la kila moja mbele yake na mbele ya wateja. Binti anazo za bibi yake, yaani mama mkwe wangu, Mungu amrehemu na amlegeze ulimi. Zilikuwa kumi na moja. Moja, iliyo bora, Tajiri ameiazima awaonyeshe wanafunzi wake. Kumi zimo kisandukuni chini ya kitanda, kila moja ndani ya karatasi yake.

Jioni binti akakifungua. Sikuwa nimeziona tangu mazishi. Nilishtuka. Nyeusi. Nyingine zambarau kama goti la mtoto aliyeanguka. Hii ndiyo silaha yetu?

Nikauliza kwa upole kama hatuna muda wa kuziogesha. Binti akafunika kisanduku kwa mikono yote miwili. Akasema, mama, hizi haziguswi. Nikasema sawa.

Mimi nikisema sawa, huwa ni sawa. Karibu kila mara.


Jumanne, 4 Machi

Mama Vikuku amekuja kuomba chumvi. Chumvi anayo, mfuko niliuona juzi kwenye kapu lake. Alikuja kunifikishia habari. Eti sarafu za Miwani zinang'aa kama meno ya mtoto. Akasema hivyo huku anatikisa mkono, vikuku vikalia kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Kisha kwa ile huruma yake ya kununua akauliza, na za kwenu je, Mama Sufuria?

Nikamwambia za kwetu zimepumzika.

Hilo jina la Mama Sufuria wengine wanadhani ni tusi. Ni cheo. Kukiwa na shughuli yoyote mtaani, msiba au harusi, sufuria zilizoungua huletwa kwangu na hurudi kwao kama zimetoka kiwandani. Mume wangu marehemu alikuwa akinyoa ndevu mbele ya sufuria yangu kubwa, na kioo kilikuwa ukutani. Binti nimemsomesha kwa majivu. Sioni haya kusema hivyo. Nitalisema hata Jumamosi wakinipa nafasi.

Jioni binti alifanya mazoezi kwa sauti huku mimi namenya viazi. Amenieleza mambo matatu, nami nimeyashika yote.

Kwanza uchakavu. Sarafu huchakaa pale palipoinuka: shavu la mfalme, nyusi, nywele za juu ya sikio. Nywele zikionekana moja moja, sarafu haikutembea sana. Zikiwa zimelala kama uji, imepita mikono mingi.

Pili mng'ao. Sarafu iliyo hai ukiinamisha chini ya taa, mwanga unaizunguka, unatembea kama spoku za baiskeli. Weusi ukiwa juu haudhuru kitu, mwanga unatembea chini yake. Ile ndiyo ngozi iliyozaliwa nayo.

Tatu kusafishwa. Iliyosuguliwa nayo inang'aa, lakini mwanga wake umesimama mahali pamoja kama mtu aliyepotea njia. Ukitazama kwa lenzi unaona mikwaruzo kama uani uliofagiliwa. Dukani kwao, akasema, wanauita mng'ao wa sufuria.

Niliweka kisu chini. Duka zima la wataalamu, wenye lenzi na taa, wametafuta jina la mng'ao na wakachukua la kazi yangu! Nikamwuliza ni nani alianza kuuita hivyo. Binti akaniangalia kidogo, akarudi kwenye lenzi yake. Mwanangu ana haya. Hapendi kumsifu mama mbele ya uso wake.

Kisha akazifunga zote, akasema mvuke wa jikoni hauzifai na hatazifungua tena mpaka Jumamosi. Daraja la kila moja amelishika kichwani. Anazijua kama vidole vyake.


Jumatano, 5 Machi

Nimelala vibaya. Kila nikifumba macho naona meno ya mtoto.

Asubuhi binti alikwenda kazini. Nikakaa kitandani kwake nikafikiri kwa haki kabisa, upande huu na upande huu. Upande mmoja: alisema haziguswi. Upande wa pili: alipokuwa mdogo alisema pia hataki kuoga, nami sikumwacha. Leo ana ngozi ambayo wenzake wanaiuliza. Watu husema ving'aavyo vyote si dhahabu. Sawa. Lakini hizi si dhahabu, ni fedha, kwa hiyo methali haituhusu.

Nilichekecha majivu mara mbili. Nikakata ndimu. Nikaongeza chumvi, ileile aliyoitaka Mama Vikuku. Nikachukua dodoki jipya, maana kazi ya mwanangu sifanyi kwa dodoki kuukuu.

Ya kwanza ilikuwa mbishi. Nikaikazia. Weusi ukatoka kama tope, na chini yake ukaja weupe mpaka nikafumba jicho moja. Mfalme akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Nikacheka peke yangu.

Nilimkumbuka mama mkwe. Alikuwa mshona nguo. Hizi zilikuwa malipo yake ya ujana, na hakutumia hata moja, aliziviringisha karatasini akazishika kwa ncha za vidole, pembeni tu, kama vitu vya moto. Mwezi wangu wa kwanza katika nyumba ile aliniambia kwamba mimi nasugua mpaka sufuria inalia. Alisema mbele ya wageni. Leo nikamjibu. Nikainua ya nne dirishani nikamwambia, mama, tazama sasa.

Ya saba ilikuwa na weusi katikati ya nywele za mfalme, unyweleni kabisa. Nikaleta mswaki wa zamani. Weusi umetoka. Nywele nazo zimepungua kidogo, lakini uso umechangamka, na mfalme wa umri ule kuwa na kipara si ajabu.

Nimezirudisha zote kwenye karatasi zake kama zilivyokuwa. Sitasema neno. Jumamosi atafungua mwenyewe, mwanga utoke, na Mama Vikuku akae karibu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.


Alhamisi, 6 Machi

Nisingekwenda.

Nilimpelekea binti chakula cha mchana dukani. Alikuwa amesahau bakuli, au nilikuwa nimelificha, sikumbuki. Nikakuta mwokaji mikate wa barabara ya juu amesimama mezani na sarafu inayong'aa kama kioo. Amesimama kifua mbele. Nilimpenda mara moja.

Tajiri akamwambia binti apime. Binti akaishika pembeni, akaiinamisha huku na huku. Akamwambia yule bwana kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayemjulia hali mgonjwa, kwamba hii imesafishwa. Mwokaji akasema ndiyo, mke wake ameisugua wiki nzima. Binti akasema uchakavu wake ni mdogo, nywele zote zipo, ingekaa kwenye daraja la juu. Lakini ngozi imeondoka. Sasa haina daraja.

Mwokaji akauliza kama inaweza kurudishwa. Tajiri akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, nenda kamwulize kuku aliyenyonyolewa.

Mchuzi ulinimwagikia mguuni. Sikuusikia mpaka ulipopoa.

Tajiri akaenda kabatini akatoa sarafu ya kumi na moja, ya mama mkwe, ili mwokaji aone tofauti. Akaiinamisha chini ya taa. Sikutazama. Nilitazama sakafu. Binti akaja akaniuliza, mama, umechoka? Nikasema joto. Akanishika bega. Mkono wa mtoto ukiwa mwepesi hivyo, unaumiza.

Njiani nilitembea kama mtu anayefuata jeneza. Lakini nilipofika kwenye kona ya kinyozi nikapata nguvu. Nikakumbuka harusi moja miaka ya nyuma. Waliniletea kijiko cha fedha kilicholala usiku kucha kwenye bakuli la mayai ya kuchemsha. Kilikuwa cheusi tii. Nilikisugua mimi mwenyewe.

Kwa hiyo weusi namjua. Namjua kwao. Anaweza kuitwa.

Kuku akinyonyolewa haoti manyoya, sawa. Tajiri hajawahi kujaribu kwa mayai.


Ijumaa, 7 Machi

Nilimwendea Mama Vikuku kuomba mayai. Nikasema ni ya keki ya ushindi. Akanipa, akatabasamu, akasema na yeye atakuja kula. Sikuipenda tabasamu hiyo.

Binti akiwa kazini, nikayachemsha mpaka yakawa magumu, nikayaponda yakiwa ya moto, nikayalaza kwenye sufuria yangu kubwa. Juu yake kichujio, juu ya kichujio wafalme kumi wamelala kifudifudi. Nikafunika, nikaziba ukingo kwa kitambaa kibichi, nikaweka karibu na jiko.

Harufu ilitoka hata hivyo. Jirani wa chini akagonga mlango akauliza kama kuna kitu kimekufa. Nikamwambia ni dawa ya miguu. Akaniombea nafuu.

Kwanza wafalme walipata rangi ya chai. Kisha zambarau. Kisha buluu kama tumbo la nzi. Nilikuwa nawageuza kwa uma kama sambusa. Wawili walitoka na madoadoa. Mmoja alipata weusi chini ya pua tu, kama masharubu. Nilimwacha. Masharubu huongeza heshima.

Mchana nikawakausha, nikawafunga. Kwa macho yangu, na macho yangu si mabaya, sasa ni wazee kuliko walivyokuwa. Nikapumua.

Binti alirudi amechoka hadi midomo. Akauliza harufu ya nini. Nikasema maharage. Akauliza yako wapi. Nikasema nimeyala. Akasema, yote? Nikasema nilikuwa na njaa ya furaha. Alinitazama, akacheka. Aliponitoka ubavuni akainama, akavuta kisanduku kutoka chini ya kitanda, akakaa nacho magotini. Hakukifungua. Akapitisha kiganja juu ya kifuniko mara moja.

Akasema, kesho bibi atazungumza.

Nilikwenda jikoni kumenya kitunguu. Hatukuwa tunapika kitu chenye kitunguu.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono.

Duka lilijaa. Mwokaji alikuwepo. Mama Vikuku alivaa vikuku vya mikono yote miwili. Nikakaa nyuma yake ili anisikie nikipiga makofi.

Miwani alianza. Akafungua kitambaa. Sarafu za kahawia, chakavu, mbovu. Wafalme wengine nyuso zimelika mpaka wanafanana na yai. Mmoja alikuwa na tundu lililozibwa, aliwahi kutundikwa shingoni. Ndiyo meno ya mtoto! Nilimgeukia Mama Vikuku. Alikuwa anatazama dari, anahesabu mbao.

Alinidanganya. Alisema tu ili nisilale. Nami kwa ajili ya uongo ule nilichekecha majivu mara mbili.

Miwani hakujipamba. Akasema hii daraja la chini. Hii ya chini zaidi. Hii ilizibwa tundu na mtu asiyejua kazi. Akasema, hizi zimechoka, Tajiri, lakini hazijadanganya mtu. Tajiri akaitikia kwa kichwa.

Kisha binti yangu. Alivaa gauni lake la bluu, lile nililolipiga pasi mimi. Akafungua karatasi ya kwanza. Akafungua ya pili. Ya tatu aliifungua polepole, na ya nne polepole zaidi, kama mtu anayefunua shuka la maiti kuona kama ni wake.

Tajiri akasema, Jicho, tunasubiri.

Angeweza kufunga kisanduku. Angeweza kusema anaumwa. Mimi hapo ningeanguka nizimie, nilikuwa tayari kabisa, nilishachagua upande wa kuangukia. Hakufanya hivyo. Aliishika ya kwanza pembeni kwa ncha za vidole, vilevile kama bibi yake, akaiinamisha chini ya taa. Mwanga haukutembea.

Akasema kwa sauti ambayo siijui, na mtoto huyu nimemzaa mimi. Uchakavu mdogo. Nywele za juu ya sikio zilikuwepo mpaka juzi. Imesuguliwa kwa majivu, kwa kuzungusha, na mkono wenye nguvu. Kisha imetiwa rangi kwa mayai. Haina daraja.

Akachukua ya pili. Haina daraja. Alizipitia zote kumi, hakuruka hata moja. Alipofika kwa yule wa masharubu watu walicheka. Mwokaji alicheka kuliko wote, mshenzi. Binti hakucheka. Alieleza masharubu kwa utaratibu uleule, akaiweka chini.

Tajiri akachukua moja akainusa. Akauliza nani amefanya hivi. Binti akasema, nyumbani kwetu. Tajiri akauliza, wewe? Binti akapanga karatasi tupu mezani. Hakugeuka kunitazama. Hata kidogo.

Nilitaka kusimama. Lakini Mama Vikuku alikuwa mbele yangu.

Tajiri akasema jicho lile halina mwenzake, hajawahi kuona mtu akizihukumu sarafu zake mwenyewe namna hiyo. Lakini mezani pale, akasema, watu wanaacha urithi wao wanaondoka, na usiku mwingine mpimaji anakwenda nao nyumbani. Hawezi kumpa mtu ambaye nyumba yake haina mlango. Akampa Miwani. Kisha akamwambia binti, taratibu, kikulacho ki nguoni mwako.

Maneno ya hekima. Mimi Mama Vikuku nimemshuku tangu zamani.


Jumapili, 9 Machi

Binti haongei. Ameosha sahani yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na dodoki mkononi.

Nilimweleza yote. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, nikaanza na chumvi ya Mama Vikuku. Nilisema nia ilikuwa njema. Nilisema kama angenieleza waziwazi. Akasema alinieleza. Nikasema alieleza kwa ufupi.

Akakausha sahani, kisha akasema jambo moja. Kwamba bibi yake alimpa zile sarafu akamwambia amshike kila mfalme kama anavyomshika mtoto mchanga, na kwamba alipokuwa akiziinamisha chini ya taa alikuwa anaona mwanga uleule aliouona bibi siku ya kulipwa, kabla hajaolewa, kabla hajachoka. Akasema, sasa pale nakuona wewe, mama. Mikwaruzo yote ni yako.

Kwa dakika moja nilidhani ni sifa.


Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kwa Tajiri. Sikwenda kuomba, mimi siombi. Nilikwenda kumwekea mambo sawa. Nilibeba sufuria yangu bora kama ushahidi.

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia amtazame mkosaji sawasawa, mtoto hana hatia, aliteswa kwa kuwa na mama anayejali. Nikaweka sufuria mezani ili ajue hazikuguswa na mtu wa ovyo. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo akaipapasa kwa vidole ndani na nje, muda mrefu. Akasema ni kazi nzuri kabisa. Kwa sufuria.

Akasema alijua tangu Jumamosi. Alisikia kiti changu kikilia nyuma kila binti alipotaja majivu. Nikauliza kwa nini basi alimnyima. Akasema hakumnyima kwa kosa lake, alimnyima kwa anwani yake. Neno alilotamka mbele ya watu halirudishi.

Lakini yuko mwenzake katika mji mwingine, mbali, ambaye ana meza na hana jicho. Amempigia simu. Binti akitaka, wiki hii anaanza.

Kisha akaniuliza kama mimi nina ndugu katika mji ule, au rafiki, au sufuria zozote za kuosha.

Nikasema sina.

Akasema, afadhali.


Ijumaa, 14 Machi

Ameondoka asubuhi. Begi moja na lenzi.

Mama Vikuku alikuja kutoa pole na bakuli la maandazi. Nikamwambia pole ya nini, binti yangu ameitwa. Miji inamgombea. Huyo wako wamempa meza ya jirani kwa sababu hakuna aliyemtaka mbali. Akaacha maandazi akaenda. Hayakuwa mabaya.

Zile kumi binti amemwachia Tajiri. Zimewekwa kwenye kabati la kioo, kila mwanafunzi mpya atazitazama ajue sarafu iliyosafishwa inafananaje. Nimekwenda kuziona. Kazi yangu kwenye kioo, na taa juu yake. Mama mkwe alishona maisha yake yote na hakuwekwa kwenye kioo. Nilimwambia binti hivyo. Akaendelea kukunja nguo.

Lakini kabla ya kutoka alifanya jambo. Alitoa mfukoni karatasi ndogo, akaifungua. Ya kumi na moja. Alikuwa ameirudisha kutoka kwa Tajiri. Nyeusi pembeni, katikati kijivu kama mawingu. Akanivuta mpaka kwenye taa ya jikoni, akanishika kifundo cha mkono, akaniwekea vidole pembeni mwa sarafu, hapa na hapa. Akasema, inamisha.

Nikainamisha.

Mwanga ulitembea. Ulitoka chini ya weusi ukazunguka, spoku baada ya spoku, kama baiskeli inayopita uani mtu haonekani. Nywele za mfalme zilikuwepo zote. Nilikaa kimya, jambo ambalo Mama Vikuku hataliamini. Nilimwona yule mama, msichana, mgongo haujapinda, amelipwa leo.

Binti akasema, bibi atabaki na wewe, mama. Usimguse. Nitakuja mwisho wa mwaka, nitaiinamisha. Ikitembea, nitafungua begi langu hapa. Isipotembea nitakunywa chai nirudi.

Nikasema sawa.

Alinikumbatia. Alinuka sabuni yangu. Akaenda.


Jumapili, 16 Machi

Nyumba kubwa. Sahani moja inaoshwa mara moja. Nimesugua kila sufuria mpaka hakuna iliyobaki, nikaanza vifuniko.

Jana sikuigusa. Naandika ili ijulikane. Niliitazama tu ikiwa kwenye karatasi yake, juu ya rafu. Nilifungua karatasi mara mbili au tatu kuhakikisha ipo.

Leo Mama Vikuku amekuja. Nilimwonyesha, maana mtu hawezi kukaa na kitu kama kile peke yake. Nikamfundisha. Nikamweleza uchakavu, mng'ao, na kusafishwa, yote matatu, bila kusahau. Nikaiinamisha mwenyewe, kwa pembeni, mwanga ukatembea. Akasema eh. Nimemsikia kwa masikio yangu, Mama Vikuku amesema eh! Nilijua mwisho wa mwaka begi litafunguliwa. Nikaanza kufikiria shuka.

Kisha akaichukua mkononi kabla sijamzuia. Akamshika mfalme usoni, kwa dole gumba, dole lenye mafuta ya maandazi. Nikamfukuza. Tumekosana tena, vizuri.

Alama ya dole imebaki shavuni. Ipo pale palipoinuka, mahali pa kwanza mpimaji kutazama. Binti ataiona kabla hata ya kuinamisha. Atasema nimeigusa, na sikuigusa mimi.

Kwa hiyo nimeipulizia pumzi tu. Pumzi si kitu. Ikaacha ukungu, ukungu nikaufuta kwa upindo wa nguo, taratibu, kwa kwenda mbele na si kwa kuzungusha. Hilo la kutozungusha nimelipata kwake, Jumamosi ile. Watu wanadhani sikuwa nasikiliza.

Alama imetoka. Ila sasa shavu limekuwa jeupe kuliko sehemu nyingine, linaonekana kama kiraka. Hawezi kuikuta hivyo. Inabidi uso wote ulingane.

Majivu sitatumia. Majivu ni ya mtu asiyejifunza. Ndimu ipo.